Kitabu Kilichoshonwa kwa Uzi wa Gunia

Kitabu kilichoniumiza kuliko vyote nilivyowahi kusoma nililetewa na mtu mwenye nia njema kabisa. Alikifunga kwa gazeti, akatia ndani kikaratasi cha kusema kwamba Kakuma nzima inakisoma na kwamba nisipokisoma nitakuwa nimepitwa. Nilifurahi, maana mimi sipendi kupitwa.

Lazima nieleze kwanza tulivyokuwa tukisoma. Miaka ile ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Lodwar, nikiishi chumba kimoja upande wa Nawoitorong. Mji ulikuwa na maduka ya sukari, ya tumbaku na ya viatu vya tairi, lakini duka la vitabu halikuwepo. Kitabu kilifika kwa bahati tu. Mtu amehamishwa na hataki mzigo, au mgeni amekisahau chini ya mto katika nyumba ya wageni. Kikishapatikana, hakilali. Tulikuwa watu sita au saba, nusu Lodwar, nusu Kakuma penye kambi ya wakimbizi, na wengine hatukuwa tumewahi kuonana kwa macho. Vifurushi vyetu vilibebwa na dereva wa lori la chakula cha wakimbizi. Hakudai kitu ila tumsimulie kwa ufupi kilichomo, kwa sababu yeye akisoma anasinzia, na dereva akizoea kusinzia ni mambo mengine.

Aliyetuunganisha alikuwa mwanamke mkimbizi kutoka Kongo, mwalimu wa zamani, mwenye sanduku la bati la vitabu katika nyumba yake ya udongo kambini. Joto letu linayeyusha gundi. Kitabu kikikaa Turkana miezi miwili, mgongo unaachia na kurasa zinaanza kutembea zenyewe. Yeye alifumua nyuzi za magunia ya mahindi ya msaada, akazisokota, akashona kurasa upya kwa sindano kubwa, kisha akaweka jalada la kipande cha gunia. Ndiyo maana hapa nitamwita mshonaji. Jina lake silitaji, na si kwa heshima.

Kila kitabu alichokishona alikigundishia karatasi nyuma, akaikunja mara mbili. Sheria ilikuwa hivi: ukimaliza kusoma, na si kabla, unaikunjua karatasi, unasoma walivyosema waliokutangulia, halafu unaongeza yako. Mistari miwili tu, bila jina, bila kufichua mwisho, na unataja kipelekwe kwa nani. Tulizipenda karatasi zile pengine kuliko vitabu. Mimi niliwahi kuandika: "Mwanamume wa kitabu hiki ni mjinga tangu ukurasa wa kwanza. Kipelekwe kwa nesi, anawapenda wa namna hii." Nesi akajibu chini yake kwamba angalau yeye ana wa kuwapenda. Kulikuwa na Msudani wa kusini mwenye duka la sabuni na sukari pale kambini, ambaye alisoma chochote chenye herufi, hata mwongozo wa kufuga nyuki. Kwenye karatasi ya mwongozo ule aliandika, "Mwisho wake mzuri."

Mimi nilijulikana kwa ukali. Ndimi niliyeandika mara moja, juu ya riwaya ndefu isiyojua kunyamaza, kwamba kitabu kikiendelea baada ya mwisho wake kinaharibika. Mshonaji aliipenda sana sentensi ile. Nami nilijiona mtu wa maana.

Urafiki wetu wawili ulianza kwa vidole vyangu. Mpiga chapa wa wakati ule alishinda na karatasi za kaboni, na hata ukinawa, buluu inabaki kwenye ncha za vidole. Siku moja nilirudisha riwaya kuhusu mwanamke aliyeishi jirani na mtoto wake mwenyewe bila mtoto kujua. Kwenye karatasi niliandika neno la kawaida, kwamba hadithi inasomeka. Baada ya wiki mbili dereva akaniletea barua. Mshonaji aliandika: "Dada, umesema kitabu inasomeka tu. Lakini ukurasa wa tisini na mbili iko na vidole vyako vyote kumi. Kuna nini pale?"

Hakuna mtu aliyewahi kunisoma hivyo. Nilikaa na barua ile siku tatu, kisha nikamwambia kilichokuwa pale.

Nilikuwa na binti. Nilimzaa nyumbani kwetu Kaaleng nikiwa na miaka kumi na sita, niliporudi likizo kutoka kidato cha pili. Mama yangu alimchukua siku ileile, akamvalisha ushanga wenye punje moja ya buluu, akaniambia nirudi shule. Mtoto akakua akimwita yeye mama na mimi dada. Watu wazima wa Kaaleng walijua na hawakuona ajabu, kwa kuwa kwetu mtoto wa binti asiyeolewa ni wa baba yake binti, na mambo yanaendelea. Ni mimi niliyeligeuza kuwa siri, nilipokuja mjini nikaanza kuvaa viatu vya ofisini. Mwaka baada ya mwaka niliahirisha. Mwishowe nilijiwekea ahadi kwamba atakapomaliza mtihani wa kidato cha nne nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, tukiwa wawili tu.

Hayo nilimwandikia mshonaji kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, kwenye karatasi nyeupe za ofisi, barua baada ya barua. Mistari miwili haikunitosha tena. Nilimwandikia hata lile ambalo sijamwambia padri. Kwamba mama aliponisogezea mtoto nimwangalie, nilitazama ukutani, na kwamba sikumtaka. Niliandika hivyohivyo: sikumtaka. Kisha katika barua tatu za mwisho nikaeleza yaliyofuata. Mtoto akiwa na miaka minne aling'atwa na nge kisiginoni, huko malishoni. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima mpaka zahanati, na njiani alipoacha kulia nilidhani amekufa, nikapiga magoti mchangani nikamwita mwanangu kwa sauti. Alikuwa amelala tu. Tangu siku hiyo nimekuwa mama yake, hata kama hakuna aliyesikia.

Mshonaji alijibu kila barua. Aliniambia ya kwake pia, ya nyumba iliyobaki Kongo na vitabu vilivyobaki ndani. Niliamini tumeshikana mikono.

Binti yangu alipopata nafasi katika shule ya bweni karibu na Kakuma, nilimwingiza kwenye mzunguko wetu. Ndiyo, mimi mwenyewe. Alikuwa msomaji, alisoma hata karatasi iliyofungia sukari, nami nilivimba kichwa kwa hilo. Nilimwandikia mwenye duka kwamba mdogo wangu akija kununua sabuni Jumamosi ampe kitabu. Nilimwandikia mshonaji vilevile, na yeye alijua ni nani hasa anayekuja. Akajibu kwamba msichana ni mzuri na ana mwandiko wangu. Kweli alikuwa nao, maana nilimfundisha herufi mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa Kaaleng.

Basi kifurushi kile kikafika. Ndani ya gazeti mlikuwa na kikaratasi cha mwenye duka: "Dada, mimi nasoma hii siku mbili, duka nafunga. Sasa zamu yako. Hii iko moto sana Kakuma." Nilikifungua mezani wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu. Jalada lilikuwa la gunia, zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Ndani hakikuchapwa. Kilikuwa madaftari manne ya shule yaliyounganishwa, yameandikwa kwa mkono, na mwandiko niliujua mara moja. Nikatabasamu, nikadhani mshonaji ameandika kitabu hatimaye.

Kilianza hivi: mwanamke wa mji alishinda na vidole vya buluu.

Nilisoma kurasa tano. Alikuwa amebadilisha majina. Kaaleng ilikuwa kijiji cha kaskazini, mimi nilikuwa mwanamke wa mji. Mengine yote yalikuwa yangu, neno kwa neno, likizo ya kidato cha pili, ushanga wa punje moja ya buluu, ukuta nilioutazama. Nikaruka mpaka ukurasa wa mwisho. Neno la mwisho la kitabu lilikuwa sikumtaka. Nge hakuwemo. Safari ya zahanati haikuwemo. Aliacha nje barua tatu nzima. Nikakifunga. Karatasi ya nyuma sikuikunjua, kwa sababu sheria ni kwamba huisomi mpaka umemaliza, na mimi hata katika hasira ni mtu wa sheria. Bosi aliporudi nikamwambia nina homa, nikaomba ruhusa.

Siku mbili baadaye nilipanda lori la dereva wetu. Tulingoja msafara wa polisi wa kutulinda na majambazi wa barabarani, kama ilivyokuwa lazima, kisha tukaondoka. Aliona kitabu mapajani mwangu akauliza hicho nacho kinahusu nini. Nikamwambia kinahusu mtu mjinga. Akacheka, akasema vya namna hiyo ndivyo vitamu.

Mshonaji alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, dada, karibu! Ikala kwanza, nikupe chai."

"Sijaja kukaa," nikamwambia, nikaweka kitabu juu ya sanduku lake la bati.

Alichosema kwanza sitakisahau. "Nani alikituma Lodwar? Hii ilikuwa ya hapa tu."

"Kwa hiyo kosa ni la aliyekituma."

"Nilibadilisha majina yote, dada. Hakuna mutu anakujua." Alikuwa ameketi sasa, sindano yake kubwa mkononi. "Sikia. Bitabu byote bya hii sanduku batu balishamaliza. Balikuwa banarudia ileile mara tatu, mara ine. Siku moja nikabasomea ukurasa moja ya barua yako, moja tu. Bakasema, lete ingine. Weye ungefanya nini?"

"Ningenyamaza."

"Hujui vile unaandika. Miye nilifundisha miaka kumi na mbili, sijaona mutu anaandika hivi. Barua kama hizo si za mutu moja."

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshaanza. Aliposema hivyo, kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichofurahi. Nilikichukia palepale na ninakichukia hadi leo, na sijui kama nilimchukia yeye zaidi au hicho. Nilimuuliza kwa nini kitabu kinaishia pale kinapoishia. Kwa nini nge hayumo.

Alishangaa kwa dhati, kama mwalimu anayeulizwa jambo lililo ubaoni. "Ile mambo ya nge ilikuwa inavuta, dada. Inafanya hadithi kuwa laini. Mwisho ilikuwa pale: sikumtaka. Musomaji anafunga kitabu, roho inamuuma. Si weye ndiye ulinifundisha? Uliandika kitabu ikiendelea nyuma ya mwisho wake inaharibika."

Maneno yangu yenyewe, ya kujionyesha, yalikuwa yamekata mapenzi yangu kwa mtoto wangu na kuyaacha ndani ya sanduku. Nilimuuliza jambo moja tu lililobaki, lile lililonileta kilomita zote hizo. Je, msichana amekisoma?

"Hapana," akasema. "Huyo nilikataza. Kila mutu nilimwambia, si cha watoto ba shule. Naapa." Na kwa kuwa aliona simwamini, akachukua kitabu, akakigeuza nyuma. "Umesoma hata karatasi? Ngoja usikie vile balikupenda. Utanisamehe."

Akaikunjua, akaanza kusoma kwa sauti, kwa fahari. "Nililia. Kipelekwe kwa mwenye duka." Halafu ujumbe wa pili, ambao ningeujua hata gizani: "Duka nafunga siku mbili. Mwisho wake mzuri." Halafu wa tatu: "Huyu mama hana moyo, lakini kalamu anayo. Arudishiwe mwenye duka, nimechelewa nacho."

Palikuwa na mmoja zaidi. Midomo yake ilitembea bila sauti, kisha akanipa kitabu bila kuniangalia usoni. Ulikuwa mwandiko wangu, ule niliouchora mchangani kwa kijiti, ila mdogo zaidi na ulionyooka zaidi. Ulisema: "Mwandishi huyu ni jasiri kwa watu asiowajua. Kipelekwe kwa dada yangu, Lodwar."

Basi binti yangu ndiye aliyekituma. Mwenye duka alifuata sheria tu. Hakujua kitu; katazo ama halikumfikia ama alilisahau, akampa kitabu msichana anayependa vitabu, kama nilivyomwomba mimi.

Mshonaji alianza kulia. Sikumbembeleza. Nilimwambia anipe barua zangu, akafungua sanduku, akanitolea zote zikiwa zimefungwa kwa uzi wa gunia, safi, bila kunyanzi hata moja. Alikuwa amezitunza vizuri kuliko nilivyomtunza mtu yeyote. Alinifuata mpaka nje akiniita dada, dada. Sijazungumza naye tena tangu siku ile. Watu wameniambia nisamehe, alikuwa mkimbizi, alikuwa amepoteza kila kitu. Najua. Lakini alikuwa na mimi, na akanigawa.

Nilitembea hadi shuleni na kitabu pamoja na barua tatu za mwisho mkononi. Mwalimu wa zamu aliniruhusu kumwona binti yangu nusu saa. Alikuja akitokea darasani, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa bwalo. Uzi wa ushanga ulionekana chini ya kola ya sare.

"Ejok," nikasema, nikimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok." Akaangalia kitabu nilichoshika. "Umekimaliza?"

Hilo ndilo swali tulilokuwa tukiulizana sisi wasomaji kila tulipokutana, na aliliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamwambia kitabu hakijaisha. Kuna kurasa zilizoachwa nje. Nilimpa barua za nge, nikamwambia asome hizi, asome hizi kwanza halafu aniseme apendavyo.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma zote tatu, bila kuruka, kama nilivyomzoesha. Nilimtazama uso na sikuona chochote. Alipofika mwisho alirudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaukunja kidogo pembeni, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Karatasi mpya," akasema.

"Si mpya. Zilitunzwa."

"Hazina tarehe."

Sikuwahi kuweka tarehe kwenye barua zangu. Mimi, niliyepiga tarehe juu ya kila barua ya ofisi kwa miaka yote ile.

"Najua ulinibeba," akasema. "Kila mtu nyumbani anajua ulinibeba, mama huwa anasimulia. Lakini haya mengine umeyaandika jana."

"Sivyo. Naapa sivyo."

"Kama yalikuwepo, aliyekishona angeyaweka. Yeye anajua kitabu." Akazipanga barua vizuri, kingo kwa kingo, akanirudishia. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kitabu cha gunia, nami nikakiachia kwa sababu sikuwa na haki ya kukishika. "Hiki hakirudi kwa sanduku," akasema. "Hiki ni changu."

Hakuniita dada, wala hakuniita lile jingine. Kengele ililia, akakiweka kwapani akarudi darasani. Nilipofika Lodwar niliweka barua zile tatu kwenye bahasha ya ofisi, na juu yake nikapiga chapa tarehe ya siku ile, maana tarehe ya kweli sikuikumbuka tena.